Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi: Maonesho ya Picha za Draipointi, Bugobogobo na Korongo Taji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazee wetu wa ngoma,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Mwangaluka!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru pia wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana shuleni kwetu, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanachama wa Klabu ya Sanaa, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Picha ulizoziona zimetundikwa ukumbini tumezichapa kwa mikono yetu wenyewe kwa njia ya draipointi. Zote zimetokana na vitu viwili tulivyokua tukiviona hapa Mwanza: bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, na korongo taji, ndege anayecheza kwenye majaruba ya mpunga na mabonde yenye maji. Tunaomba utuvumilie tukueleze kazi hii inafanyikaje, kwa nini ngoma na ndege tumeviweka kwenye ukuta mmoja, na tumekwama wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, draipointi ni uchapaji wa picha usiohitaji tindikali. Mchoraji huchukua bati la shaba, zinki au plastiki ngumu, kisha hukwaruza mchoro wake moja kwa moja kwa ncha kali ya chuma. Ncha inapopita juu ya bati, shaba haitoki yote. Inasukumwa na kuinuka pembeni mwa mkwaruzo, kama udongo unavyoinuka kando ya mfereji uliopitishwa jembe. Kaukingo hako, ambako ukipitisha kidole unakasikia kanakwaruza, ndiko kanakoshika wino mwingi. Ndiko kanakoipa draipointi weusi wake mzito na laini, ambao kalamu ya wino haiwezi kuutoa.

Bati likishakamilika, tunalipaka wino mzito wa mafuta mpaka uingie kwenye kila mkwaruzo. Kisha tunafuta wino wa juu kwa kitambaa cha shashi, kwa mzunguko na bila kukandamiza. Hapa ndipo penye kazi. Ukifuta kwa nguvu unaung'oa wino uliokaa kando ya mistari na picha inatoka imepauka. Ukifuta kwa woga, karatasi nzima inakuwa na ukungu. Karatasi yenyewe huwa tumeiloweka mapema na kuikausha nusu kati ya taulo, ili iwe laini na iweze kuingia kwenye mikwaruzo. Tunaiweka juu ya bati, tunaifunika kwa blanketi la sufu, halafu vyote vinapita katikati ya rola mbili za mashine. Mchapaji anashika karatasi kwenye pembe na kuibandua polepole. Kingo za bati zinakuwa zimeacha alama iliyobonyea kuzunguka picha, na kwa alama hiyo mtu anatambua kuwa picha imechapwa kwa bati na mgandamizo.

Kila safari chini ya rola inaulaza ukingo ule kidogo. Kwa hiyo bati la shaba kwa kawaida hutoa nakala nzuri kama 10 hadi 20, kisha mistari inaanza kukonda. Ndiyo maana chini ya kila picha utaona namba kwa penseli, kwa mfano 3/8, maana yake nakala ya tatu kati ya nane. Hatuandiki namba hizo kwa mapambo. Ni ahadi kwa anayeinunua kwamba hatutaendelea kulichapa bati lililochoka.

Njia hii ni ya zamani. Mjerumani Albrecht Dürer aliijaribu mwaka 1512, na mojawapo ya kazi zake hizo inamwonyesha Mtakatifu Jerome ameketi kando ya mti uliokatwa matawi. Mholanzi Rembrandt aliitumia kwa nguvu zaidi. Picha yake ya Misalaba Mitatu ya mwaka 1653 aliikwaruza kwenye bati kubwa la shaba, na baadaye alilirudia bati hilohilo akaligeuza kiasi kwamba ukiweka nakala ya mwanzo na ya mwisho pamoja unaona giza limewameza watu wengi. Hapa nchini, uchapaji wa picha kwa mabati ulipata makao Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972. Marehemu George Lilanga, aliyefahamika sana kwa vinyago na picha za rangi, alichapa pale picha zake za kuchonga kwa tindikali. Tunalitaja hili, Mheshimiwa, kwa sababu wapo wanaodhani tumeokota jambo geni. Wazee wetu katika sanaa walishaijua kazi ya bati na wino.

Sisi tuliichagua draipointi kwa sababu inawezekana shuleni. Tindikali inataka chumba chenye hewa ya kutosha, glavu na mahali salama pa kumwaga mabaki, na hivyo vyote hatuna. Draipointi inataka ncha tu. Wanafunzi wengi wameanza na bikari ya kwenye mkebe wa hesabu, wengine na shazia ya fundi viatu iliyonolewa upya. Bati nalo si lazima liwe shaba. Wanaoanza hutumia boksi la maziwa lililofunguliwa, likaoshwa na kunyooshwa. Upande wa ndani una utando mwembamba wa plastiki juu ya karatasi ya alumini, na unakwaruzika vizuri. Boksi halitoi nakala nyingi, lakini mtoto wa kidato cha kwanza anajifunza kazi yote bila kumgharimu mzazi chochote zaidi ya maziwa aliyokwisha kunywa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme kuhusu ngoma. Bugobogobo ilitoka shambani. Vijana walikuwa wakilima kwa makundi huku ngoma zikipigwa pembeni, ili majembe yapande na kushuka pamoja na mwili usahau uchovu. Leo tunaiona zaidi kwenye sherehe na kwenye viwanja vya Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, lakini jembe bado liko mkononi mwa mchezaji, linazungushwa, linarushwa juu, linadakwa. Wazee waliokubali kuja kutufundisha, ambao wako nasi hapa mstari wa mbele, walitukataza kuanza na sura za wachezaji. Walituambia tutazame magoti kwanza, kisha kiuno, jembe liwe la mwisho, kwa sababu jembe linakwenda pale mwili ulikokwisha kwenda.

Tuliufuata ushauri huo. Mwanafunzi mmoja alipiga ngoma darasani na sisi tukachora kwa mkaa juu ya magazeti ya zamani, kwa kasi ya ngoma, bila kufuta. Katika michoro hiyo ya haraka tulichagua mistari iliyobeba mwendo, tukaihamishia kwenye bati. Hapo tukakutana na ubishi wa chuma. Ncha inapenda kwenda moja kwa moja. Kwenye kona inakataa au inateleza. Tulijifunza kuutuliza mkono na kulizungusha bati lenyewe. Kwa kuwa picha hutoka kinyume, kwenye bati tunawachora wachezaji wakiwa wameshika jembe kwa mkono wa kushoto ili kwenye karatasi walishike kwa wa kulia, na tunakagua mchoro kwa kioo kabla ya kupaka wino.

Tunaomba baadaye usimame kidogo mbele ya picha iliyo karibu na mlango, ya binti wa kidato cha tatu. Ina wachezaji watatu, na mpini wa jembe la yule wa katikati ni mkwaruzo mmoja tu, uliovutwa kwa pumzi moja kutoka begani hadi pembeni mwa bati. Unaanza mwembamba, unanenepa pale jembe linapoanza kushuka, kisha unakatika. Hakuna kivuli wala mapambo. Nguvu ya mkono wake imebaki pale kwenye karatasi, na mzee mmoja alipoiona aliitikia kwa bega. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu draipointi inaifaa ngoma kuliko picha ya simu: simu inagandisha mchezaji, lakini mkwaruzo wa ncha unaonyesha mahali mwili ulipokaza na mahali ulipolegea.

Na korongo taji je? Mheshimiwa, ndege huyu anacheza kweli. Anainamisha kichwa, anafungua mabawa, anaruka juu, anakimbia hatua chache na kurudi, na hachezi kwa ajili ya kutafuta mwenzi peke yake. Wadogo na wakubwa hucheza wakati wowote wa mwaka. Akitafuta chakula, anakanyaga ardhi kwa miguu huku akitembea ili wadudu watoke majanini. Tulipomtazama akifanya hivyo pembeni ya jaruba asubuhi, hatukuhitaji mwalimu wa kutuambia kwamba yeye na mcheza bugobogobo wanaweza kukaa kwenye karatasi moja. Wote wawili wanapata riziki kwa kuipiga ardhi, na wote wawili wanaipiga kwa mpangilio.

Mwili wake nao umeumbwa kwa ajili ya ncha. Taji lake ni manyoya magumu ya rangi ya dhahabu yaliyosimama wima, na kila unyoya ni mkwaruzo mmoja ulionyooka. Paji lake la uso ni jeusi na laini, na weusi huo tunaupata kwa kukwaruza mistari inayokatana karibukaribu mpaka kingo zake zishikane. Shavu jeupe tunaliacha bila kuligusa, karatasi yenyewe inalisemea.

Majirani zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao akiwa ameinua mguu mmoja. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 korongo taji amehesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni kukaushwa na kulimwa kwa maeneo oevu anakojenga kiota, pamoja na kukamatwa kwa ajili ya kufugwa na kuuzwa. Bonde lililo chini ya shule yetu linapungua, na sisi tunaolipita kila siku tunaliona. Tunawaheshimu wazazi wetu wanaolima mpunga, kwa sababu ada zetu zinatoka kwenye mpunga huo huo. Tunachoomba ni kwamba kipande cha matete kilichobaki katikati, pale korongo wanapotagia, kiachwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio tunayokuonyesha leo, tuna changamoto. Kubwa kuliko zote ni mashine. Mashine tunayotumia ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa mjini kwa mabomba mawili mazito, bamba la chuma na usukani. Tunamshukuru sana, kwa kuwa bila yeye tusingechapa hata picha moja. Ila mabomba hayo hayakukerezwa, hivyo hayana mviringo kamili. Mgandamizo unazidi upande wa kulia na kupungua kushoto, na ukitazama kwa makini utaona baadhi ya picha zimekolea upande mmoja. Tunaomba utuunganishe na karakana ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ili rola hizo zikerezwe vizuri na kufungwa skurubu za kurekebisha mgandamizo kila upande. Hatuombi mashine kutoka ng'ambo. Kazi hii mafundi wetu wanaiweza, na ikifanyika hapa tutajua pia pa kwenda itakapoharibika.

Jambo la pili ni karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchorea ikilowa inachanika au inaacha nyuzi kwenye wino. Inayofaa ni nzito, yenye pamba, na hadi sasa tunaipata kwa kuagiza Dar es Salaam, kidogo kidogo, kwa michango ya walimu. Msaada wowote wa kutuwezesha kuwa na akiba ya mwaka mmoja tutaupokea kwa mikono miwili.

Jambo la tatu ni hilo la bonde. Tunaiomba ofisi yako ikae na serikali ya kijiji na wakulima, ikubaliwe mipaka ya kile kipande cha matete, na sisi tuko tayari kuchora na kuchapa mabango ya kuweka kwenye mipaka hiyo bila malipo.

Picha zote ukumbini zinauzwa, isipokuwa zile za boksi la maziwa, ambazo waliozichapa wamekataa kuachana nazo. Mapato yatanunua shaba na wino, na sehemu yake itawaendea wazee waliotufundisha ngoma, kama tulivyokubaliana nao tangu mwanzo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wachezaji wataingia na majembe yao. Wakimaliza, tunaomba usogee mezani, ambako bati la korongo limekwisha pakwa wino na karatasi imelowekwa. Tunaomba uuzungushe usukani wewe mwenyewe na kuibandua nakala ya kwanza, 1/8, ambayo ni zawadi yetu kwako. Usukani ni mzito kidogo upande wa kulia, na mwenzetu mmoja atasimama hapo kukusaidia.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Sanaa.