Kitabu tulichokianzia katikati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimekuwa nikifuatilia mabishano ya wazazi na walimu kuhusu vitabu vya kuondolewa shuleni, na naona kila upande unawazungumzia watoto kana kwamba sisi wenyewe tulizaliwa watu wazima. Mimi niliwahi kuwa msichana wa shule. Nilisoma kitabu kilichokatazwa, tena nikakisoma vibaya, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika cha marehemu Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Wa rika langu mnakumbuka kelele zake: kwamba kimeanika mambo ya faragha na kitawaharibu mabinti. Kikapigwa marufuku mashuleni. Miaka ilipita, kikaruhusiwa, kikasomeshwa Tanzania na hata Kenya, na leo huwezi kutaja riwaya ya Kiswahili bila kumtaja mtu huyu wa Ukerewe. Lakini mimi nilikutana nacho kabla ya msamaha huo.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya wasichana. Nakala iliingia ikiwa chini kabisa ya sanduku la bati la mwenzetu mmoja, ambaye kaka yake alikuwa akisoma Dar es Salaam. Jalada lilishang'olewa, likavishwa karatasi ya kaki, na juu yake pameandikwa kwa mwandiko mzuri sana: Jiografia. Zamu ilikuwa usiku mmoja kwa kila mtu. Ukichelewesha, unalipa kipande cha sabuni. Tulisoma kwa tochi ndani ya blanketi, na betri miaka ile zilikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo nani angepoteza mwanga kwa kuanza ukurasa wa kwanza? Wala haikuhitajika. Kitabu kilishazoea mikono. Ukikilaza kiganjani kilijifungua chenyewe palepale walipopafungua waliokutangulia. Unasoma kurasa zako nne au tano huku moyo ukidunda, unazima tochi, asubuhi unakipitisha kwa mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Riwaya ile inatokea kwetu, Namagondo, kijiji ambacho nimekipita kwa miguu nikienda msibani na harusini. Tangu darasa la kwanza sikuwahi kuona kisiwa chetu kimepigwa chapa kitabuni. Siku kilipofika mikononi mwangu, nilikiruka kama mtu anayeruka dimbwi, niwahi kule mbele walikokuwa wenzangu.

Asubuhi iliyofuata nilimpa msichana wa kitanda cha jirani. Usiku wake matroni alipita na taa. Sitaeleza yote. Baba yake aliitwa, akafika siku ya tatu, mzee wa makamo aliyevaa koti kwenye jua kali. Alionyeshwa kitabu, hakukifungua. Alivua mkanda akamchapa binti yake mbele ya ofisi, sisi sote tukiwa mstarini, kisha akambebea sanduku lake wakaondoka. Hakurudi shule. Sikuwahi kusema kwamba ni mimi niliyempa, na sijui kama kusema kungesaidia.

Sasa sikiliza, Mhariri. Katika sura za mwanzo za Rosa Mistika yumo baba aitwaye Zakaria, mlevi, anayempiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Mzee yule wa koti aliigiza mwanzo wa kitabu alichokuja kukilaani, mbele ya shule nzima, na hakuna aliyemtambua. Mkuu wa shule hakumtambua. Sisi tuliokuwa tumezikariri kurasa za katikati ndio kabisa.

Nilikisoma chote nikiwa tayari mwalimu, mama wa mtoto mmoja, nikiwa kwenye meli kutoka Mwanza kwenda Nansio. Tulifika sijakimaliza, nikakaa juu ya mzigo wangu pale gatini nikakimalizia hapo, shemeji aliyekuja kunipokea akidhani nimepata habari ya kifo. Kwa namna fulani nilikuwa nimeipata, maana Rosa anaishia kujiua. Zile kurasa tulizozipangia zamu niliziona pia. Ni chache, na hazina raha yoyote. Raha tuliitia sisi, tukisaidiwa na tochi na hofu ya matroni. Mtu akizisoma baada ya kumwona Zakaria nyumbani kwake, na Regina, mama wa Rosa, anavyovumilia, hapati hamu ya kuiga chochote. Anapata huzuni.

Baadaye, kilipokuwa halali, nilikifundisha. Siku ya kwanza wavulana wa nyuma walikuwa wanacheka chinichini na mmoja akauliza, kwa adabu ya uongo, tuanzie ukurasa wa ngapi. Nikamwambia wa kwanza, tena usome wewe, kwa sauti. Tulikwenda hivyo hivyo, aya kwa aya. Tulipozifikia kurasa zilizoleta balaa, darasa lilikuwa limeshagawanyika vikundi viwili juu ya swali jingine kabisa: mkosaji ni Zakaria aliyemfungia binti na kumpiga, au ni Rosa aliyekuwa na akili zake? Ubishi ulikula vipindi vitatu. Msichana mmoja mkimya, ambaye sikumbuki kumsikia kabla ya hapo, aliuliza Regina alikuwa wapi siku zote hizo, na kwa nini hakuna aliyemwambia Rosa chochote kuhusu wanaume zaidi ya kwamba asiwakaribie. Hakuna aliyecheka. Nilitamani yule wa kitanda cha jirani angekuwepo.

Ndiyo maana Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipotangaza kuvipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kukiuka maadili, nilimwomba mjukuu wangu aniletee kimoja alichokuwa nacho, cha mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney. Nilikisoma chote kwa jioni mbili, miwani ikiteleza puani. Mhusika ni mtoto mvivu, mbinafsi, anayetafuta njia ya mkato kwa kila jambo, na mwandishi anamcheka. Sikukipenda sana. Michoro yake ilinichekesha mara mbili tatu. Nilipomuuliza mjukuu anamwonaje huyo mtoto, akanijibu, "Bibi, huyo ni mjinga, ndiyo maana anachekesha." Tulizungumza mpaka chai ikapoa.

Sisemi kila kitabu ni cha kila umri. Katika orodha ile vilikuwamo vya elimu ya jinsia ambavyo mtoto wa darasa la tatu nisingempa, na mzazi anayelalamika ana haki ya kusikilizwa. Mimi mwenyewe kama mwalimu nilishawahi kumwambia mwanafunzi, hiki subiri miaka miwili. Lakini nilimwambia nikiwa nimekisoma. Kukataza bila kusoma kuna vituko vyake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kusimulia jinsi riwaya yake Matigari ilipotoka kwa Kigikuyu mwaka 1986, wakulima wakawa wanamzungumzia mhusika wake kama mtu anayetembea vijijini akidai haki, na serikali ya Kenya ikaagiza akamatwe. Polisi wakagundua kwamba mtuhumiwa ni wa kitabuni. Mwaka 1987 wakavikamata vitabu.

Ombi langu kwa wizara, na kwa kamati za shule ambazo siku hizi zinapokea malalamiko kwa picha ya ukurasa mmoja iliyozungushwa kwenye simu, ni dogo. Anayetaka kitabu kiondolewe aandike kwanza, kwa mkono wake, kitabu hicho kinahusu nini toka mwanzo mpaka mwisho. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Akishaleta, kikao kikae. Na kikiondolewa, wanafunzi waambiwe sababu na mwalimu wao, darasani, mchana. Vinginevyo tochi zitawaka, na sasa tochi yenyewe iko ndani ya simu na haiishi betri haraka kama zetu.

Nakala ile ya bwenini sikuiona tena. Ilisemekana iliishia nyumba za walimu, ikawa inazunguka huko nako kwa zamu. Kama iko kwa msomaji wako yeyote, itambulike kwa karatasi ya kaki iliyoandikwa Jiografia, na katikati kuna alama ya kidole cha mafuta ya nazi. Kidole hicho ni changu. Naomba anirudishie, nimsomee mjukuu zile sura za mwanzo, ambazo nadhani bado ni safi kabisa.

Mwalimu mstaafu,
Mwanza