Pesa nilishatoa yote, mafundi wanadai kwangu

Mhariri salaam,

Mie msomaji wenu wa siku nyingi wa hapa Tanga, mwalimu mstaafu, gazeti lenu nalisoma kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya vifo na kwa kawaida siandiki, ila safari hii imenibidi. Kuna msomaji aliwauliza afanyeje asitapeliwe kwenye ujenzi, mkamjibu atafute mkandarasi aliyesajiliwa, waandikishane mkataba, alipe kwa awamu, basi alale usingizi wake. Sasa hayo yote mie nilifanya. Cheti chake cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi nilikishika kwa mkono wangu, mkataba tulisaini kwa mwanasheria, pesa nilitoa awamu nne kama ilivyoandikwa na risiti ninazo kwenye bahasha. Usingizi ndo sikuupata.

Nyumba yenyewe ipo Mwahako, vyumba vitatu na sebule. Boma nilisimamisha zamani kidogo kidogo na fundi wa mtaani, tofali leo tofali kesho kama tunavyojenga wengi, ila nilipostaafu nikasema umri umekwenda, sina tena nguvu za kupanda daladala kila asubuhi kwenda kuhesabu mifuko ya saruji, acha nitumie kiinua mgongo nimpe mtu mmoja kazi yote kuanzia kupaua mpaka finishingi. Milioni 38, kazi na vifaa. Atafute yeye mafundi wa bati, wa umeme, wa bomba, wa gipsamu, wa tailizi, wa madirisha, mie nikija nikute kazi imesogea nirudi zangu nyumbani. Na kazi ilisogea, tena nzuri, hilo sitamdhulumu.

Wiki ya tatu tangu nihamie, Ijumaa watu wametoka kuswali, nasikia hodi. Vijana wanne. Shikamoo mama, marahaba wanangu karibuni, nikajua wamekuja kuitazama nyumba yao ilivyopendeza, nikaweka chai ya tangawizi na mahamri yaliyobaki asubuhi. Wamekunywa chai yote ndo mmoja akasema mama sie hatujaja kwa ubaya ila tunadai. Wa madirisha ya aluminiamu 3,400,000. Wa kupaua 1,800,000. Wa tailizi 950,000, huyu alikuwa mdogo kuliko wote hata kuongea anaona haya. Na wa nne hakuwa fundi kabisa, ni kijana wa dukani, hadwea, kaja na daftari la madeni, kumbe bati zote zilizo kichwani kwangu zilichukuliwa kwa mkopo. Mkandarasi simu yake haipatikani wiki ya pili sasa.

Nikawatolea bahasha. Wakasoma risiti moja moja, wanapasiana, mie nimekaa kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe. Yule wa madirisha akanirudishia akasema, "Mama, hizi ni zako wewe na yeye, wanangu hawali risiti." Akainuka, akatoa bisibisi mfukoni, akaenda nyuma akang'oa kidirisha cha choo, akakiegemeza ukutani kwa adabu kabisa, akaniambia naanzia hapa mama, haya makubwa ya mbele sitaki kukuvunjia heshima kwa majirani.

Tukaenda kwa mjumbe, kutoka kwa mjumbe ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akasema maneno ambayo baadae hata mwanasheria aliyarudia, kwamba makubaliano yanawafunga walioyafanya. Mie nilikubaliana na mkandarasi na nimemlipa, mafundi walikubaliana na mkandarasi na hakuwalipa, basi waende wakamshtaki yeye. Kisheria yuko sawa na vijana wenyewe walijua yuko sawa. Ila mkandarasi haonekani na nyumba inaonekana. Si tunasema Tanga waja leo waondoka leo, basi yule alikuja leo akaondoka leo na milioni zangu, nyumba ndo haina pa kwenda, na mwenye nyumba ana umri wa kuogopa bisibisi.

Nilimlipa wa madirisha nusu. Wa kupaua nikampa laki tano. Duka nikawaambia nendeni popote, daftari lenu limeandikwa jina lake si langu. Wa tailizi aliposikia naongea hivo akaaga akaondoka, sikumpa kitu.

Usiku nikampigia binti yangu kumlilia, yeye yuko Marekani jimbo la Florida na mumewe na wajukuu. Akacheka, lakini kile kicheko cha kuishiwa maneno, akasema mama hata sie yametukuta mwaka juzi sikutaka kukwambia. Walibadilisha bati za nyumba, huko bati zao si bati ni vipande vipande vya lami, wakamlipa kontrakta yote, kontrakta akamruka muuza vifaa. Muuza vifaa hakuja na bisibisi. Alikwenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti akaandikisha deni juu ya nyumba yao. Wanaita lieni. Nyumba yako ikishabandikwa hiyo huuzi kirahisi, benki haikukopeshi juu yake, na usipolipa mwenye deni anaweza kwenda mahakamani nyumba ipigwe mnada alipwe chake. Na haijali kwamba wewe ulishamlipa kontrakta!

Nikamwambia hiyo ni dhuluma. Akasema nilidhani hivo hivo mama, ila kosa na mie ninalo. Kumbe sheria ya kule inamtaka fundi au muuza vifaa ambae hana mkataba na mwenye nyumba amtumie taarifa ndani ya siku 45 tangu aanze kazi au alete vifaa, kwamba mie fulani nimo kwenye nyumba yako na nina haki ya kuidai. Asipotuma haki inakufa. Ile taarifa ilifika kwa posta ya kusainiwa, binti yangu akasaini, akaona maneno mengi akadhani ni matangazo ya biashara, akaitia kwenye droo na vocha za supamaketi. Tangu alete vifaa vyake vya mwisho muuza vifaa ana siku 90 za kuandikisha lieni, akaandikisha, na tangu hapo ana mwaka mmoja wa kwenda mahakamani. Walikuja kugundua walipotaka kubadilisha mkopo wa nyumba. Wakalipa mara ya pili, na machozi juu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba walishaonywa kabla hata ya msumari wa kwanza. Kibali cha ujenzi cha Florida kina onyo kwa mwenye nyumba, kwamba usipoandikisha karatasi ya kutangaza kuwa kazi inaanza unaweza kujikuta unalipa mara mbili. Yaani serikali yenyewe inakwambia peupe, mara mbili! Na sheria inakupa namna ya kujikinga. Kila unapotoa awamu unamtaka kontrakta akuletee karatasi za wale waliokutumia taarifa, wamesaini kwamba kwa sehemu hiyo wamelipwa na lieni wameiachia, na kabla ya malipo ya mwisho kontrakta anakula kiapo cha maandishi kwamba wote wamelipwa, au anawataja ambao bado na kiasi gani. Binti yangu hakuomba hata moja. Kontrakta alikuwa mtu wa kanisani kwao.

Sasa mie ni mwalimu, kitu nikishakisikia lazima nikitafute. Sheria hizi kule ni za zamani, ya kwanza ilipitishwa Maryland mwaka 1791, wakati mji mkuu Washington ndo unaanza kujengwa, na Thomas Jefferson alikuwa mmoja wa walioisukuma. Walitaka mafundi waje kwa wingi na wenye vifaa wakopeshe bila woga. Ukifikiri sana utaona akili yake. Fundi viatu wa pale Ngamiani akishashona kiatu chako anakiweka chini ya kigoda chake mpaka utoe pesa, fundi cherehani vilevile gauni lako halitoki. Fundi wa nyumba afanyeje? Tailizi zikishashika zimeshika, hawezi kuzitia kwenye gunia. Lieni ndo kigoda chake. Lakini fundi viatu anashika kiatu cha yule yule aliyemwagiza kazi, wakati lieni inashika nyumba ya mtu ambae pengine hata jina la fundi halijui, na hapo ndipo mie nawalaumu Wamarekani kidogo.

Msije mkanielewa vibaya kwamba nataka lieni iletwe Tanga. Itaning'inia wapi? Kule viwanja vimo kwenye daftari la serikali na mnunuzi hulipekua kabla ya kununua. Kiwanja changu mie nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi, mmoja wao ameshafariki, na mtaani kwetu siko peke yangu mwenye karatasi ya namna hiyo. Hata kwa wenye hati, ile kaveati, yaani zuio linaloandikishwa kwa msajili wa hati, ni ya mtu anayedai ana haki kwenye ardhi yenyewe, deni la tailizi silo hilo. Kwa hiyo kwetu deni halikai kwenye karatasi, linakuja na miguu yake linakaa kibarazani, linakunywa chai, na mwisho wake unategemea kama mna moyo au hamna. Nimetafakari sana na sijui kipi afadhali, yule muuza vifaa wa Florida hakumtisha binti yangu hata siku moja, na amelipwa yote. Vijana wangu waliniita mama, na ukijumlisha madeni yao siku ile hawakupata hata nusu.

Kwa hiyo jibu mlilompa yule msomaji limepungua, tena limepungua penyewe. Usajili unakwambia mtu anaruhusiwa kujenga, haukwambii mfukoni mwake mna nini wala anadaiwa na nani. Na mkataba mzuri baina yako na yeye hauna neno kwa aliyeshika mwiko.

Mwaka huu nimejenga ukuta wa uzio na choo cha nje, nikafanya hivi. Vifaa nimenunua mwenyewe, risiti ya mashine jina langu, hata kama muuzaji anamjua fundi mkuu tangu utoto. Siku ya kwanza nilimwambia fundi mkuu aniletee mafundi wake wote niwaone sura, niandike majina na namba za simu na kila mmoja wamekubaliana kiasi gani, alinuna kidogo akasema mwalimu humuamini mtu, nikamwambia nakuamini ndo maana nataka niwajue wenzio. Malipo tulikuwa tunafanya Jumamosi jioni wote tumekaa mkekani, mie natoa, yeye anagawa mbele yangu, kila mtu anasaini kwenye kaunta buku, asiyejua kusaini anaweka dole gumba. Na kidogo nilibakiza mpaka mwezi upite, hii niliichukua Kanada, jimbo la Ontario sheria inamtaka mwenye nyumba ashikilie asilimia 10 ya kila malipo kwa ajili ya hao hao mafundi wa chini wasije wakarukwa. Ukuta umekwisha, hakuna aliyekuja kubisha hodi. Mie nilikuwepo nyumbani lakini, mwenye kujenga huku yuko Dar au Maskati hawezi kukaa mkekani kila Jumamosi, huyo angalau ampe ndugu anayemuamini hiyo kaunta buku, na ndugu naye, lo, hayo ni mambo ya barua nyingine.

Ombi langu kwa gazeti ni moja, mtusaidie kulisemea kwa wakubwa. Kibali cha ujenzi tunakwenda kuomba halmashauri na tunakilipia. Mimi changu nilikisoma chote sikuona hata mstari unaonionya kuhusu mafundi wa chini. Waongeze mstari mmoja, herufi kubwa kama wa Florida, wa Kiswahili cha kawaida: kabla hujamlipa mkandarasi awamu inayofuata, mdai karatasi zilizosainiwa na mafundi wake na duka lililomkopesha kwamba ya nyuma wamelipwa. Haihitaji Bunge kukaa hiyo, nadhani, inahitaji wino. Na lile bango la mradi linalosimikwa mbele ya saiti, lenye jina la mkandarasi na la mchoraji ramani, pawe na nafasi ya jina la fundi wa bati na wa madirisha pia, mwenye nyumba apitapo asome.

Kidirisha cha choo mpaka leo kimezibwa na turubai, mwenyewe anasema atakirudisha nikimalizia ile nusu, na ninaimalizia kwa pensheni kidogo kidogo, imebaki laki sita. Yule kijana wa tailizi nilikutana nae barabara ya 12 mwezi uliopita, anauza maji ya kandoro, akaniamkia vizuri tu akaniuliza mama zile tailizi za jikoni hazijapasuka? Nikamwambia hazijapasuka. Namba yake ya simu sikuwa nayo hata siku ile, na pale barabarani nimeachana nae ndo nakumbuka sijaichukua. Kama anasoma gazeti hili aje nyumbani, Jumamosi jioni nipo.

Mwalimu mstaafu,
Mwahako, Tanga