Kwa ninyi mnaokabidhiwa kuandika wasifu wa marehemu

Wajukuu zangu,

Misibani siku hizi nasikiliza wasifu nikiwa nimeinamisha kichwa, wala si kwa majonzi peke yake. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu. Kisha aya mbili za kisukari na presha, hospitali hii hadi ile. Huo ni wasifu kazi uliogundishwa cheti cha daktari! Mtoto wa miaka 10 aliyeketi mbele ya jeneza anaondoka akijua babu yake aliugua nini, hajui alikuwa nani. Kesho akiulizwa kwao ni watu wa namna gani, atasema nini?

Mnaanza saa nne usiku, mazishi kesho, na mnamuuliza mtu mmoja. Waulizeni watatu: ndugu aliyekua naye, jirani, na aliyefanya naye kazi. Mkiuliza "alikuwa mtu wa aina gani?" mtajibiwa mcheshi na mpenda watu, kama marehemu wote. Ulizeni aligombana na nani na kwa nini, neno gani halikumwisha mdomoni, jina lake alipewa na nani. Mtu hakuitwa Mashaka au Masika bure.

Mwaka wa kwenye kitambulisho msiuamini sana. Tarehe 1 Januari imezaa watu wengi mno. Ulizeni alikuwa na umri wa kufanya nini lilipotangazwa Azimio la Arusha, 1967; alikuwa na watoto wangapi walipohamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye Operesheni Vijiji; vita vya Kagera, 1978, vilimkuta na nani mgongoni.

Sasa linaloniudhi kuliko yote: mnaficha watoto. Yule wa nje amesafiri usiku kucha, amesimama nyuma ya turubai, majina yanasomwa mpaka la mwisho, lake halimo. Ameambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba si wa hapa, na hivyo ndivyo atakavyojisimulia hadi uzeeni. Nasi wazee tunajua, tunanyamaza, ati tunalinda heshima ya mjane. Heshima gani hiyo? Mjane azungumziwe mapema, faraghani, na mtu anayemsikiliza. Kisha jina liandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila maelezo.

Ugonjwa, sentensi moja. Urefu, ukurasa mmoja. Herufi kubwa, maana msomaji atakuwa analia. Nakala mbili.

Kabla hamjachapa, msomeeni shangazi kwa sauti. Akicheka mahali, paacheni. Akisema "hakuwa hivyo", futeni.

Babu yenu