Kinachomlegeza mama shingo

Morogoro, Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, na mpe mama pole yangu. Tangu uliponieleza kwamba jioni anashikilia kidevu kwa mkono kichwa kisimwinamie, sijatulia. Umeuliza: ikiwa neva zake ni nzima na misuli ni mizima, huu ugonjwa wa misuli kulegea, myasthenia gravis, uko wapi? Uko pale vinapokutana.

Neva na msuli havigusani. Kati yao pana upenyo mwembamba mno. Neva inamwaga asetilikolini, kemikali inayobeba amri, na ng'ambo ya pili vipokezi vya msuli, yaani protini za kuipokea, vimesongamana vikiisubiri. Zamani nilidhani vipokezi hivyo vikishakaa vimekaa. Kumbe kimoja huishi siku kumi hivi, kikaondolewa, kingine kikashika nafasi. Neva ikikatwa, umri huo unashuka hadi kama siku moja! Ndiyo maana neva haiachi kuutumia msuli habari.

Habari yenyewe ni protini iitwayo agrini. Ikitoka kwenye neva hudakwa na protini nyingine, LRP4, juu ya msuli, nayo LRP4 humwamsha protini jirani yake, MuSK. MuSK akiamka, vipokezi hukusanywa na kushikiliwa mbele ya neva. Mwaka 1996 watafiti walieleza habari za panya waliozaliwa bila MuSK: walikufa papo hapo, maana hata misuli ya kupumulia haikupata amri.

Sasa mama. Kingamwili zake mwenyewe, zile protini za kupigana na maradhi, zimemng'ang'ania MuSK, LRP4 haimfikii. Agrini inakuja, haisikiki, na vipokezi vinatawanyika. Kipimo cha kwanza kilitafuta kingamwili za vipokezi, ambazo yeye hana, wakamwambia ni wasiwasi tu. Hilo limeniuma sana, kwa sababu kingamwili za MuSK zinajulikana tangu 2001.

Vile vidonge vya pairidostigimini huifanya asetilikolini ikae zaidi, lakini wengi wenye aina hii haviwafai sana, tena huwarusha misuli. Asiviache kwa uamuzi wake. Mwambieni daktari wa neva, na mumuulize kuhusu rituksimabu, dawa inayopunguza chembe za damu zinazozaa kingamwili. Ni ghali, najua, ila wagonjwa wa MuSK wengi huitikia vizuri.

Maji matupu yakimpalia, mpe uji mzito akiwa ameketi wima. Akianza kuhema kwa shida, msingoje kuche, mkimbizeni hospitali.

Nakuja Ijumaa. Chumba cha uani kinanitosha, usihangaike na kitanda.

Wako,
Rehema