Mbwa akiuma, mwenye mbwa alipe: barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapa hapa Dodoma.

Mwanangu ana miaka 9. Jioni moja nilimtuma dukani kununua unga. Geti la jirani lilikuwa wazi, mbwa akatoka, akamrarua paja. Nilipofika nilimkuta ameketi vumbini, pakiti ya unga ameikumbatia, haijamwagika hata kidogo. Kaptula imechanika, damu imejaa kwenye kandambili. Nikamwosha jeraha kwa sabuni ya mche na maji ya dumu kwa dakika 15, kama tunavyoelekezwa, kisha nikampakia kwenye bodaboda.

Jirani alikuja kunipa pole. Akaniambia, "Mama, huyu mbwa hajawahi kuuma mtu." Nilidhani anajitetea tu. Kumbe, Mheshimiwa, hilo ndilo neno ambalo sheria inalisikiliza.

Kifungu cha 2(3) cha Sura ya 358, yaani sheria inayosema mahakama zitumie sheria zipi, kinazielekeza mahakama zetu, pale sheria zetu wenyewe zinapokuwa kimya, zifuate kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kanuni ya enzi hizo inamhesabu mbwa kuwa mnyama wa kufugwa nyumbani, kwa hiyo mwenye mbwa halipi mpaka aliyeumwa athibitishe kwamba mwenyewe alijua mbwa wake ni mkali, au kwamba alifanya uzembe. Mzigo huo wa ushahidi ni wangu. Nitazijuaje tabia za mbwa anayeshinda nyuma ya ukuta wa tofali?

Ni kweli kwamba kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayepuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama wake. Nilikwenda polisi. Nilipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, nikaambiwa haya ni mambo ya majirani, mkayamalize nyumbani. Na hata kama angeshtakiwa, kesi ya jinai ni ya Jamhuri, sindano ni zangu.

Sindano zilikuwa tano: siku ile ile, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Cheti cha chanjo cha mbwa hakikuonekana, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa, kwa hiyo huwezi kumwambia mtoto asubiri mwisho wa mwezi. Nilikopa kwenye kikoba. Jirani alitoa shilingi 10,000, akasema ni za soda ya mgonjwa.

Wiki mbili baadaye nikakuta kibao kipya getini kwake, rangi haijakauka vizuri: MBWA MKALI. Nilisimama pale muda mrefu. Atakayeumwa kesho ana ushahidi umeandikwa kwa herufi kubwa. Mwanangu hana, kwa sababu tu yeye alitangulia kuumwa. Yaani mtoto wangu ndiye aliyelipa ada ili mwenye mbwa ajifunze.

Sina chuki na mbwa. Nimekulia Mpwapwa, baba akichunga mbuzi na mbwa watatu, na fisi walipokaribia zizi usiku ni hao waliotuamsha.

Ninachoomba ni sheria yetu wenyewe, iseme wazi kwamba mwenye mbwa anawajibika tangu mtu wa kwanza kuumwa, ajue ukali wa mbwa wake asijue. California huko Marekani wanayo sheria ya namna hiyo. Mwizi aliyeruka ukuta asilipwe, wala aliyemchokoza mbwa kwa mawe. Lakini mtoto aliyekuwa anapita barabarani asiulizwe ushahidi wa tabia ya mbwa. Na gharama ya sindano itolewe na mwenye mbwa siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, madai mengine yafuate baadaye mahakamani. Hili la sindano ndilo linaloniuma zaidi, maana najua wapo watakaoishia sindano ya pili kwa kukosa fedha.

Siku hizi nikimtuma dukani anazunguka njia ya mbali, mara mbili ya ile ya zamani, na anarudi akikimbia. Siku muswada utakapofika bungeni na wananchi tukaitwa kutoa maoni, nitakuja na PF3 yake na risiti zote tano.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa mtoto aliyeumwa, Nkuhungu, Dodoma