Vipuri vya televisheni vipatikane kwa angalau miaka saba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kuhusu televisheni tunazozitupa kabla ya wakati wake. Mimi ni fundi wa TV hapa Ngamiani, Tanga, tangu 1998, wakati huo televisheni Bara ina miaka minne tu.

TV za chogo za enzi zile zilinirudia kutengenezwa mara tatu, nne, hadi baba akamwachia mwanawe. Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia 31 Desemba 2012, nasi tukafuata 2013, watu waliziuza kwa bei ya chuma chakavu wakidhani zimekufa. Zilihitaji king'amuzi tu.

Sasa mezani kwangu ni TV bapa tupu. Wiki iliyopita mama mmoja muuza vitumbua aliniletea ya inchi 43, aliyoinunua kwa fedha za kikoba miaka miwili na nusu iliyopita. Sauti ipo, kioo cheusi. Nilizima taa ya kibanda nikamulika kioo kwa tochi ya simu, na kwa mbali tukamwona mtangazaji anasoma taarifa ya habari. Basi kioo kizima, bodi nzima. Kilichokufa ni taa zilizo nyuma ya kioo. Zimeungwa kwa mfululizo, ikikatika moja zinazima zote.

Taa hizo ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na TV mpya. Lakini za modeli ile sikuzipata Tanga, na niliowaagiza Kariakoo walirudi mikono mitupu. Duka lililomuuzia lilimwambia anunue nyingine. Siku ya nne nikazitoa taa kwenye TV ya modeli nyingine iliyopasuka kioo, nikazikata, nikazichomea upya zikaenea. Mteja ameondoka na TV inayowaka, lakini kazi ile haikuniridhisha. Fundi hapaswi kutegemea TV ya mtu mwingine ivunjike.

Japani, serikali huwauliza wananchi: TV uliyoibadilisha uliitumia miaka mingapi, na uliibadilisha kwa sababu gani? Iliharibika, ulitaka iliyo bora, au ulihama? Huko wastani ni kama miaka 10. Kwetu sijawahi kusikia mtu akiulizwa, na wateja wangu wengi hawabadilishi kwa kupenda kioo kikubwa. Wanabadilisha kwa kukosa kipuri.

Umoja wa Ulaya umelitungia kanuni jambo hili. Tangu 1 Machi 2021, mtengenezaji anayeuza TV huko analazimika kuwapatia mafundi vipuri muhimu kwa angalau miaka saba baada ya kuiingiza sokoni TV ya mwisho ya modeli hiyo. Naiomba Wizara ya Viwanda na Biashara pamoja na Shirika la Viwango (TBS) wawawekee waagizaji wetu sharti kama hilo, waanze na taa za nyuma na bodi ya umeme. Kioo najua ni kigumu, bei yake hukaribia TV nzima. Hivyo viwili vinawezekana.

Mama yule nilimpunguzia mwanga wa nyuma kwenye menyu, kutoka 100 hadi 60, kabla hajaipakia kwenye bajaji. Joto ndilo linalozichoma taa hizo, na TV nyingi ninazofungua mwanga wake umeachwa juu kabisa kama zilivyotoka dukani.

Fundi wa televisheni,
Ngamiani, Tanga