Kupima masafa kwa muda wa wimbi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie vijana wanaojiundia vipimamasafa (vifaa vya kupima idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, yaani herzi) kwa mikrokontrola, kompyuta ndogo ya chipu moja, ili kukagua jenereta na inveta, kwani wengi hulalamika kwamba namba ya mwisho kwenye skrini haitulii.

Wengi huhesabu mawimbi yanayopita katika sekunde moja. Kwa mawimbi ya redio ya megaherzi kadhaa njia hiyo inatosha, lakini kwa umeme wetu wa herzi 50, kosa la wimbi moja ni asilimia 2 nzima, na kifaa hakiwezi kutofautisha 50 na 50.4. Kurefusha muda hadi sekunde 10 husaidia kidogo, ila jenereta inayoyumba huwa imekwishabadilika mara kadhaa kabla jibu halijatoka.

Dawa ni kugeuza kipimo: tupime mawimbi 10 kamili yamechukua muda gani, kisha tugawe 10 kwa muda huo. Saa ya ndani ya Arduino Uno, bodi ya mikrokontrola, hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, hivyo mawimbi hayo, yanayokwisha ndani ya sehemu ya tano tu ya sekunde, huchukua mipigo ipatayo milioni 3.2, na kosa la mpigo mmoja halifikii hata sehemu 2 katika laki moja za herzi. Chipu yake, ATmega328P, hunasa yenyewe, yaani hurekodi, wakati wa kila wimbi kupitia pini namba 8, kwa hiyo ucheleweshaji wa programu hauingii katika kipimo. Tahadhari ni kwamba kaunta inayohesabu mipigo hiyo ni ya biti 16, hujaa kila milisekunde 4.096, na kila kujaa lazima kuhesabiwe. Kusahau hilo kulinipotezea wiki mbili.

Umeme wa ukutani usiunganishwe kamwe moja kwa moja. Upunguzwe kwa transfoma ndogo, kisha upitishwe kwenye saketi ya Schmitt, inayoligeuza wimbi kuwa la kupanda na kushuka ghafla, kwa sababu wimbi linalopanda polepole likichanganyika na kelele huisogeza nukta ya kunaswa.

Tena, ubainifu (wingi wa desimali) si usahihi (ukaribu na thamani ya kweli). Saa ya chipu hiyo katika Uno hutegemea rezoneta ya kauri, kipande kinachotetemeka ili kutoa mipigo, ambayo huyumba kwa joto, na desimali nyingi haziwezi kuirekebisha. Anayetaka kuziamini desimali zake atumie moduli ya GPS inayotoa mpigo mmoja kila sekunde, ahesabu kati ya mipigo miwili saa yake imepiga mara ngapi hasa, na katika hesabu aitumie namba hiyo badala ya 16,000,000.

Fundi wa redio,
Tanga